Kipindi Kinachomezwa na Mtihani

Mnamo Juni 2020, shule zikiwa zimefungwa kote nchini Kenya kwa sababu ya korona, jina la Kaunti ya Machakos lilizagaa redioni na magazetini kwa habari moja: karibu wasichana 4,000 wa kaunti hiyo, ilisemekana, walikuwa wamepata mimba katika muda wa miezi mitano. Kwa siku kadhaa watu hawakuwa na gumzo jingine. Wahubiri waliwageukia wazazi, wazazi wakawageukia vijana wa bodaboda, wanasiasa wakazilaumu simu, na wote wakakubaliana kwamba watoto wangekuwa darasani hayo yasingetokea.

Takwimu zilipochambuliwa, mambo yalionekana kuwa tofauti. Zilikuwa zimetolewa katika mfumo wa taarifa za Wizara ya Afya, unaowahesabu pamoja wajawazito wa miaka 10 hadi 19 wanaofika kliniki. Humo mlikuwa na wasichana wa shule, ndiyo, lakini pia mlikuwa na wanawake wa miaka 18 na 19 waliokwisha kumaliza masomo, na wengine waliokwisha kuolewa. Tena hesabu yenyewe ilianzia Januari, ilhali shule zilifungwa katikati ya Machi. Aliyefika kliniki Januari, Februari au hata Machi alikuwa ameshika mimba shule zikiwa wazi, mwalimu yuko darasani na ratiba imebandikwa ukutani.

Mjadala ulipofika hapo ulipoa, kana kwamba kasoro ya takwimu ikishapatikana na shida nayo imekwisha. Kwangu mimi hapo ndipo ulipostahili kuanza, kwa sababu kwenye ile ratiba ya ukutani kulikuwa na kipindi kimoja kila wiki kilichoitwa Stadi za Maisha.

Kipindi hicho kiliingia katika shule za Kenya mwaka 2008 kama somo la kujitegemea, shule za msingi na za sekondari pia. Ukisoma yaliyomo huwezi kuyapinga: kijana kujitambua, kudhibiti hasira na msongo wa mawazo, kukataa shinikizo la rika, kusuluhisha ugomvi, kupima jambo kabla ya kuamua, kumhurumia mwenzake. Mengi yanafanana na stadi kumi ambazo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limezipendekeza kwa shule tangu miaka ya 1990. Kitu kimoja tu ndicho ambacho somo hilo halikupewa, nacho ni mtihani. Katika nchi ambayo shule hupimwa kwa alama ya wastani na mwalimu mkuu hujulikana kwa idadi ya waliopelekwa chuo kikuu, somo lisilotahiniwa halina wa kulitetea. Mwalimu wa Hisabati aliyebaki nyuma na silabasi hukiomba kipindi hicho. Wa Kemia hukichukua bila kuomba. Ikifika muhula wa tatu, darasa zima limesahau kwamba kilikuwepo.

Walimu siwalaumu sana kwa hili. Wanafanya kile wanachosifiwa na kukaripiwa nacho, na hakuna afisa wa elimu aliyewahi kumwita mwalimu ofisini kumuuliza kwa nini wanafunzi wake hawajui kuomba msamaha.

Hata pale kinapofundishwa, mara nyingi hufundishwa kama Historia. Mwalimu anaandika ubaoni njia tano za kukabiliana na shinikizo la rika, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Msichana anaweza kuzitaja zote tano bila kukosea na bado asijue la kusema jioni, kwenye barabara ya vumbi kati ya shule na nyumbani, anaposimamishwa na kijana wa bodaboda anayemjua tangu utotoni, aliyembeba bure wiki nzima, na aliyemnunulia sodo mwezi uliopita wakati nyumbani hakukuwa na pesa. Maneno ya kukataa yana ugumu wake. Yanahitaji kutamkwa kwa sauti, kurudiwa, kuigizwa mbele ya wenzake, na awepo mtu mzima asiyeshtuka wala kuhukumu. Yanahitaji pia kijana wa kiume aliyefunzwa kusikia hapana na kuondoka. Hilo la pili husahaulika karibu kila mara. Mafunzo yote hubebeshwa msichana, kana kwamba mimba aliitafuta peke yake.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamewahi kushika mimba. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 18. Hayo ni maendeleo, na tangu miaka ya 1990 sera inamruhusu aliyejifungua kurudi shuleni. Lakini kumrudisha msichana darasani huku mtoto akiwa mgongoni kwa nyanya yake ni kazi inayofanywa baada ya mambo kuharibika, na ile ya kabla ndiyo tuliyoiachia Hisabati.

Machakos ina jeraha jingine, zito zaidi, ambalo wenyeji hawalizungumzii kwa wepesi. Usiku wa Machi 25 kuamkia Machi 26, 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli liliteketea, na wavulana 67 wakafa. Petroli ilikuwa imemwagwa bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Wanafunzi wawili wa shule hiyo hiyo walifikishwa mahakamani. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba shule ilikuwa na manung'uniko mengi, na mojawapo lilikuwa kufutwa kwa matokeo ya mtihani wa kitaifa wa KCSE ya mwaka 2000 kwa madai ya udanganyifu.

Baada ya Kyanguli yalisemwa mengi kuhusu milango na vyuma vya madirisha, na yalistahili kusemwa. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Ila kuna jambo moja la mwezi ule ambalo halikumbukwi. Machi hiyo hiyo ya 2001 ndipo serikali ilipofuta kanuni zilizowaruhusu walimu kuwachapa wanafunzi viboko. Ulikuwa uamuzi mwema, na ulichelewa. Lakini katika shule nyingi kiboko ndicho kilichokuwa jibu la kila swali: la kelele, la kuchelewa, la chakula kibovu kulalamikiwa. Kilipoondolewa, mahali pake hapakuwekwa kitu. Mwanafunzi hakuwa amefunzwa kulalamika, wala mwalimu hakuwa amefunzwa kusikiliza. Jopo la Naomi Wangai lililochunguza utovu wa nidhamu na ghasia shuleni mwaka huo lilihimiza ushauri nasaha uimarishwe. Katika shule nyingi, ushauri nasaha ukakabidhiwa mwalimu mwenye vipindi vyake kamili vya kufundisha, akaongezewa na chumba cha akiba chenye vitabu vikuukuu.

Miaka ikapita. Mwaka 2008 wimbi la ghasia likazikumba shule nyingi, na 2016 zaidi ya shule 100 zikachomwa. Katikati ya hayo, mwaka 2009, likaja jambo ambalo naliona kuwa bora kuliko yote yaliyojaribiwa: mabaraza ya wanafunzi. Badala ya walimu kuteua viranja, wanafunzi wangechagua viongozi wao kwa kura, na viongozi hao wangekaa na usimamizi wa shule kuzungumza juu ya chakula, maji, ratiba na sheria za bweni.

Nataka nikae hapo kidogo, kwa sababu baraza la wanafunzi likiendeshwa kwa dhati hufundisha stadi za maisha kuliko kitabu chochote. Tazama kazi anayoifanya msichana wa miaka 16 aliyechaguliwa kusimamia mambo ya chakula. Kwanza amewaomba wenzake kura, na pengine ameshindwa mwaka uliopita na kujifunza kuishi na kushindwa. Anasikiliza malalamiko ya watu wengi na kuyatenga: lipi ni la kweli, lipi ni la mtu mmoja asiyependa maharagwe. Anayaandika. Anaenda ofisini kwa mwalimu mkuu na kuyaeleza bila kutetemeka na bila kutukana. Mwalimu mkuu anamwonyesha hesabu za shule: karo iliyoingia, deni la muuza mahindi, bei ya mafuta. Msichana anaelewa kwamba nyama mara mbili kwa wiki haiwezekani muhula huu. Kisha inakuja sehemu ngumu kuliko zote. Anarudi bwenini kuwaambia waliompigia kura kwamba jibu ni hapana, awaeleze kwa nini, na awazuie wasipandwe na hasira. Aliyepita katika hayo yote amejifunza bajeti, lugha, ujasiri, uvumilivu na siasa, na hakuna aliyemwandikia lolote ubaoni.

Yote hayo huharibika pale majina ya wagombea yanapopitishwa ofisini kwanza, na waliochaguliwa wakageuzwa kuwa askari wa kuwaripoti wenzao. Wanafunzi hawadanganyiki. Wakijua baraza ni la bandia, manung'uniko yao hurudi gizani, na Machakos inajua manung'uniko ya gizani huweza kufika wapi.

Inaniuma kwamba haya yanatokea hapa Ukambani, nchi ya Wakamba, mahali ambapo watu walifunzana mambo mazito kwa mikono kabla shule hazijafika. Mwethya, kikundi cha majirani cha kufanyiana kazi kwa zamu, ulikuwa na kanuni zake za kugawana kazi, viongozi wake na nyimbo zake, na kila mmoja alijua zamu yake ikifika shamba lake nalo litalimwa. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliiona nchi hii kuwa imeharibika kwa mmomonyoko, na wakajaribu kuponya udongo kwa amri. Mwaka 1938 walianza kuwanyang'anya watu mifugo, na Muindi Mbingu akaongoza maelfu hadi Nairobi kupinga. Matuta yaliyochimbwa kwa kulazimishwa yalichukiwa. Yaliyochimbwa baadaye na mwethya wa hiari, wengi wao wakiwa wanawake, ndiyo yaliyoibadilisha milima ya Machakos. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika kitabu juu ya mabadiliko hayo mwaka 1994, wakionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, na bado udongo ukawa salama kuliko zamani. Watoto walikuwepo kwenye matuta hayo. Walijifunza kupima mteremko, kutupa udongo upande wa juu, kufika kwa wakati, na kumfanyia kazi jirani wasiyempenda.

Kule Kola, Joshua Mukusya na wenzake wa kikundi cha Utooni walianza mwaka 1978 kwa njia hiyo hiyo na wakaendelea hadi kwenye mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukatiza mto wa msimu. Mvua zinapokuja, mafuriko huleta mchanga unaojaa nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga huo maji hubaki miezi mingi, jua lisiweze kuyakausha upesi. Shule iliyo karibu na bwawa kama hilo ina somo la Fizikia, Jiografia, Kilimo na Uraia hatua chache kutoka langoni. Darasa likitoka likaenda kupima kina cha maji Juni na tena Septemba, likakaa na kamati ya bwawa kusikia jinsi inavyoamua nani achote kwanza wakati wa kiangazi, litakuwa limeona usuluhishi wa migogoro ukifanyika mbele ya macho yake.

Au tazama eneo la Wamunyu. Uchongaji wa vinyago unaolisha familia nyingi huko ulianza na Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kuchonga huko, na aliporudi nyumbani akawafunza wengine. Aliketi nao wakatazama na kujaribu, na ufundi ukaenea hadi Nairobi na Mombasa.

Najua wazazi wengi wakisikia mazungumzo ya kazi za mikono hukunja uso, na wana sababu. Shule ya Machakos, iliyoanza mwaka 1915 kama shule ya serikali ya Waafrika, ilitilia mkazo ufundi, na katika enzi hiyo ufundi wa Mwafrika ulikusudiwa umfanye msaidizi wa mtu mwingine. Wazee wetu walidai vitabu kwa sababu vitabu ndivyo vilivyofungua mlango wa ofisi. Halafu ukaja mfumo wa elimu wa 8-4-4 mwaka 1985, na Sayansi Kimu, Kilimo, Sanaa na Ufundi vikaingizwa kwa kishindo. Wazazi wakachanga harambee baada ya harambee kujenga karakana. Vifaa vikawa haba, walimu wakawa hawajafunzwa, na mtoto akaishia kuchora keki kwenye daftari na kuitolea maelezo. Mapitio ya mtaala ya mwaka 2002 yalipopunguza masomo ya kutahiniwa, karakana nyingi zikageuka stoo. Mzazi aliyetoa mbuzi wake kwenye harambee ile ana haki ya kuuliza safari hii itakuwaje.

Safari hii ni mtaala wa umilisi, uliotangulia kuingia katika madarasa ya chini mwaka 2019 na kufika Gredi ya 7 mwaka 2023. Sekondari msingi ilipoanza, Stadi za Maisha lilikuwa somo linalosimama peke yake kati ya masomo 12 ya lazima. Jopo la Profesa Raphael Munavu lililochunguza mageuzi ya elimu likasema mzigo ni mkubwa, masomo yakapunguzwa hadi tisa, na stadi za maisha zikaunganishwa na Masomo ya Jamii. Kilimo nacho kikaunganishwa na mambo ya lishe na nyumba. Uunganishaji huu una faida moja isiyosemwa: kipindi cha somo linalotahiniwa hakiibwi kwa urahisi. Hofu yangu ni kwamba mada hizo zitabaki kurasa za mwisho za kitabu, zile ambazo mwalimu hufika akiwa anakimbizana na kalenda.

Na kuna lile la wazazi kufanya kazi za watoto. Mradi unatumwa Ijumaa, mama anatafuta vijiti na nguo kuukuu usiku, anaiunda sanamu ya kufukuza ndege shambani, anapiga picha kwa simu aliyoazima, mtoto amelala. Jumatatu shule inapokea picha nzuri. Mtoto hajajifunza kitu, na mama ametumia pesa za unga. Mradi wa namna hiyo ungefanywa shuleni, wakati wa masomo, kwa vitu vilivyopo: kupanda sukuma wiki kwenye magunia, kuloanisha miche kwa chupa iliyotobolewa, kupika pure ya mahindi na maharagwe kwa zamu na kuosha sufuria. Wavulana wapike. Wasichana wapige msumari.

Kuna stadi moja ambayo naiona ikipuuzwa kuliko zote hapa Machakos, nayo ni ya pesa. Mito ya kaunti hii ina mchanga unaotakiwa na wajenzi wa Nairobi, na kupakia lori humpa mvulana wa sekondari pesa taslimu jioni hiyo hiyo. Wengi hawarudi shuleni. Wanaorudi huwa na noti mfukoni, simu yenye mikopo ya papo kwa papo, na kamari ya mpira inayowaita kila wikendi. Mafunzo ya kuweka akiba yakitolewa ubaoni kwa kijana huyu ni maneno matupu. Yape maana. Vilabu vya kilimo vya 4K, vilivyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kufufuliwa mwaka 2021, vinaweza kupewa sungura, kuku au kitalu cha miche ya miembe, na daftari la mapato na matumizi linaloshikwa na wanafunzi wenyewe. Waamue wauze lini, wagawane faida vipi, wafanye nini kuku wakifa. Hasara ya kuku kumi katika Gredi ya 8 itamgharimu kijana kidogo kuliko deni la simu akiwa na miaka 20.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala huu waliingia Gredi ya 10. Katika sekondari pevu kila mmoja wao anatakiwa kusoma somo la kuhudumia jamii, hata achague mkondo gani. Somo hilo linaweza kuwa lile kundi la vijana linalokwenda kufagia soko mara moja kwa muhula ili lipigwe picha. Linaweza pia kuwa muhula mzima wa kukarabati matuta ya shamba la mjane pamoja na mwethya wa eneo hilo, au wa kusimamia foleni ya maji kiangazi, au wa kukaa na muuguzi wa zahanati na kuandaa mazungumzo ya wazi kwa wadogo zao wa Gredi ya 7, wavulana na wasichana pamoja. Hayo ya pili hayahitaji karakana mpya. Yanahitaji mwalimu aliyepunguziwa vipindi vingine, na mwalimu mkuu asiyeogopa kuwaona wanafunzi nje ya lango saa nne asubuhi.

Katika mkutano wa wazazi wa muhula ujao, kabla ya kufika kwenye ajenda ya matokeo, mzazi anaweza kusimama na kuuliza mambo matatu: stadi za maisha zinafundishwa siku gani, nani anazifundisha, na watoto wamefanya nini kwa mikono yao mwezi huu. Akiambiwa kipindi kipo kwenye ratiba, aombe aitwe siku hiyo aketi nyuma ya darasa.